"Haina mhuri, si fedha": jinsi ya kusoma alama za fedha ya Kiingereza kabla hujaiuza

Wapo wanunuzi wanaopita majumbani, Malindi mjini, Mambrui, Gongoni hadi huku kwetu Adu, wakiwa na mizani ndogo ya mfukoni. Hawa hawataki betri wala mabati. Wanauliza kama nyumba ina vitu vya zamani vinavyong'aa: vijiko vya mkoloni, birika la chai, sinia, mrashi, mitali ya nyanya. Kikitolewa kitu kisicho na alama, mnunuzi hukigeuza mara mbili na kusema, "Mama, hii haina mhuri, si fedha hii. Lakini kwa kuwa umenikaribisha, nitakupa mia tano." Kikitolewa chenye alama tele, husema, "Hizi ni herufi za kiwanda tu." Na mama, aliyekwisha kuchoka kukisugua kila Idi, hujibu, "Haya mwanangu, chukua."

Kauli ya kwanza mara nyingi si kweli. Ya pili huenda ikawa kweli au isiwe, na anayejua ni yule aliyeshika kioo cha kukuzia. Alama za fedha ya Kiingereza zinasomeka. Si siri ya masonara wala ya wazungu, na mtu aliyejua kusoma bango la matatu anaweza kujifunza kwa jioni moja.

Tuanze na sababu ya alama zenyewe kuwapo. Fedha safi ni laini, kwa hiyo fundi huichanganya na shaba ili iwe ngumu. Akizidisha shaba, mnunuzi hawezi kuona kwa macho. Mwaka 1300 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliamuru kwamba vyombo vya fedha visipungue kiwango cha sarafu ya nchi yake, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1000, na vikishapimwa vipigwe mhuri wa kichwa cha chui. Mwaka 1363 kila fundi akatakiwa kuwa na alama yake mwenyewe. Mwaka 1478, miaka 20 kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapa Malindi, chama cha mafundi wa London kilianza kupiga pia herufi inayobadilika kila mwaka, ili ikigundulika kazi mbovu ijulikane ni mpimaji gani aliyekuwa zamu. Simba anayetembea aliongezwa 1544.

Ona jinsi mambo yalivyopangwa. Fundi hakuachiwa ajisemee kwamba fedha yake ni nzuri. Alipeleka kazi yake ofisi ya upimaji, mtu mwingine akaikwangua, akaipima, ndipo mhuri ukapigwa. Kwa hiyo alama za Kiingereza ni ushahidi wa mtu wa tatu, na wewe msomaji lazima uzisome kwa mpango huo: kwanza shahidi, halafu fundi. Wengi hufanya kinyume. Wakiona jina au herufi mbili, hukimbilia kwenye intaneti kutafuta fundi ni nani, kumbe kitu chenyewe si fedha.

Shahidi mkuu ni simba. Anatembea kuelekea kushoto, mguu wa mbele umeinuliwa, ndani ya kingao kidogo kisichozidi punje ya mchele. Huyo maana yake ni 925. Bila simba, na bila nambari 925, usikubali kwamba kitu ni fedha halali ya Uingereza mpaka upate ushahidi mwingine. (Kuanzia 1697 hadi 1720 sheria ilitaka fedha bora zaidi, 958, na mahali pa simba palikaa mwanamke aliyeketi. Ukikipata cha wakati huo, keti nawe.) Neno STERLING lililoandikwa peke yake, bila simba wala mji, kwa kawaida ni kazi ya Marekani, nayo ni 925 vilevile.

Alama ya pili ni mji. Chui ni London. Kabla ya 1821 alivaa taji, baada ya hapo hana, na kwenye vitu vilivyosuguliwa sana hufanana na paka. Nanga ni Birmingham. Taji ni Sheffield, mpaka 1974, kisha ikawa waridi. Ngome ya minara mitatu ni Edinburgh. Nanga hutuchanganya watu wa pwani, tukadhani kitu kilitoka melini. Birmingham iko mbali na bahari. Wenyewe husimulia kwamba wajumbe wa miji hiyo miwili, walipokwenda London kuomba ofisi zao mwaka 1773, walikutana kwenye nyumba ya pombe iitwayo Crown and Anchor, yaani Taji na Nanga, wakagawana jina.

Tatu, herufi ya mwaka. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wauzaji wa maduka ya vitu vya kale wanapokuzidi ujanja. London ilitumia herufi 20, kutoka A hadi U ikiruka J, kisha ikaanza upya kwa mwandiko mwingine na kingao cha umbo jingine. Kwa hiyo A kubwa ya London yaweza kuwa ya 1796, ya 1836 au ya 1876. Ile a ndogo yaweza kuwa ya 1816, 1856 au 1896. Mtu akikuambia "herufi A, basi ni ya zamani sana", anakupiga chenga. Miji mingine ilikuwa na mizunguko yake, hivyo herufi ileile ya Birmingham ni mwaka mwingine kabisa. Lazima usome mji kwanza, halafu herufi, mwandiko wake na umbo la kingao, kisha ulinganishe na jedwali. Majedwali yapo bure kwenye intaneti, na kuna kitabu kidogo cha Bradbury ambacho wafanyabiashara wa fedha hukiweka mfukoni.

Unayo njia ya mkato, nayo ni alama ya nne: kichwa cha mfalme au malkia. Mwaka 1784 serikali ya Uingereza iliweka kodi juu ya vyombo vya fedha, na kila kilicholipiwa kikapigwa kichwa cha mtawala. Kodi ikafutwa 1890. Rudi sasa kwenye A kubwa ya London. Kichwa kikiwa cha mwanamke anayetazama kushoto, huyo ni Malkia Victoria, na mwaka ni 1876. Kikiwa cha mwanamume, umerudi nyuma hadi 1836 au 1796, na umbo la kingao ndilo litakaloamua. Ile a ndogo isiyo na kichwa ni 1896. Angalia tu usidanganyike na vichwa vya sherehe: vichwa viwili pamoja ni ukumbusho wa mwaka 1935, na malkia mwenye taji anayetazama kulia ni wa 1953.

Mwisho kabisa, fundi. Alama yake huwa ni herufi za mwanzo za majina yake, na umbo linalozizunguka ni sehemu ya alama kama vile herufi zenyewe. PS ya Paul Storr, fundi aliyewahudumia wafalme, ina bei ya kutisha, lakini P na S ni herufi za watu wengi. HB ya mwandiko wa kuunganisha ni ya Hester Bateman, mjane aliyesajili alama yake London mwaka 1761 baada ya kufiwa na mumewe na kuendesha karakana iliyolisha watoto na wajukuu. HB ya herufi za kawaida ni mtu mwingine. Ndiyo sababu fundi husomwa baada ya mji na mwaka: ukijua ni London na ni 1785, orodha ya watu wenye herufi hizo hupungua kutoka kadhaa hadi mmoja au wawili. Ukianza na herufi tupu, utajipatia fundi yeyote unayemtamani.

Na alama ya fundi haisemi lolote kuhusu fedha. Walker & Hall wa Sheffield na Mappin & Webb walitengeneza vyombo vya fedha halisi na vyombo vya kuchovya, vyote kwa majina yao. Kibendera chenye W&H kimo kwenye vijiko vingi sana vya kuchovya. Maneno "Prince's Plate" ya Mappin & Webb yanavutia kama ya kifalme, ila maana yake ni chuma kingine kilichovikwa ngozi nyembamba ya fedha.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wetu tulipo. Mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza ya kuvika fedha kwa umeme, na kuanzia hapo mahoteli, meli na majumba ya maafisa yakajaa vyombo vya aina hiyo. Kitu kama hicho huandikwa EPNS, yaani nikeli iliyovikwa fedha kwa umeme, au EPBM, ambayo ndani yake ni bati. Ujanja wa viwanda ulikuwa kuziweka herufi E, P, N, S kila moja ndani ya kingao chake, zikapangwa mstari mmoja, mtu asiye na miwani akaona alama nne kama zile za London. Wakaongeza na A1. Simba hayupo. Kama vijiko vyako vina jina la hoteli, na hoteli za kizungu Malindi zilianza miaka ya 1930, basi tegemea zaidi EPNS kuliko fedha.

Neno SHEFFIELD lililoandikwa kwa maneno pia si ushahidi. Waitaliano, ambao Malindi tunaishi nao na wakihama hutuachia kabati zima, hutumia neno hilo kumaanisha chombo cha kuchovya. Fedha yao halisi ina nambari 800 ndani ya yai, na tangu 1968 huwa pia na nyota, nambari ya karakana na herufi mbili za mkoa, kwa mfano FI ya Firenze. Hiyo 800 ni fedha, ingawa iko chini ya kiwango cha Uingereza. ALPACA na "German silver" hazina fedha hata chembe.

Angalia pembezoni, mahali ambapo mikono na masahani vimekwangua. Fedha halisi ni nyeupe mpaka ndani. Chombo cha nikeli kitaonyesha umanjano wa kijivu. Kikionyesha wekundu wa shaba, huenda ni cha mtindo wa kale wa Sheffield uliogunduliwa miaka ya 1740, shaba iliyobanwa pamoja na fedha kabla umeme haujajulikana, na hicho kina wanunuzi wake. Sumaku haikusaidii sana, kwa sababu nikeli ya aina hii haishikwi na sumaku. Na tafadhali usisugue alama kwa jivu na mchanga. Sinia la shaba litavumilia jivu na ndimu. Mhuri wa fedha hautavumilia, na alama iliyofutika haipigwi tena.

Alama hupatikana chini ya kitako cha birika, na kifuniko nacho kinatakiwa kiwe na simba wake. Kifuniko kisicho na kitu, juu ya birika lenye kila kitu, yaelekea ni cha kuazima. Kwenye vijiko, tazama nyuma ya mpini: kwa vile vya kabla ya miaka ya 1780 hivi, alama ziko chini karibu na bakuli la kijiko, kwa vya baadaye ziko juu.

Sasa turudi kwa mitali ya nyanya, isiyo na mhuri wowote.

Pwani haikuwa na ofisi ya upimaji. Mtu alimpelekea sonara sarafu zake, sonara akaziyeyusha mbele yake, akamrudishia kekee, vipuli au furungu zenye uzito uleule, na ujira wake ukawa kando. Sarafu ndiyo iliyokuwa mhuri. Sarafu kuu ilikuwa riale ya Maria Theresa, yenye gramu 28 na sehemu 833 za fedha katika 1000, na uzito wa riale moja ndio uliokuwa wakia yetu. Baadaye ikaja rupia ya Kihindi, gramu 11.66 na fedha 917. Kwa hiyo pambo la zamani lililofuliwa Lamu, Malindi au Unguja laweza kuwa na fedha nyingi kuliko sinia la Kiitaliano lenye mhuri, na kukosa mhuri ni desturi yake. Anayelipunguzia bei kwa sababu hiyo anafanya biashara, hasemi ukweli. Kazi ya Kachchh, India, ambako jamaa wengi wa pwani yetu walitoka, wakati mwingine ina alama: ukiona O.M. na neno BHUJ chini ya chombo chenye nakshi za majani na wanyama, hiyo ni karakana ya Oomersi Mawji. Usikiuze kwa mizani.

Sarafu zenyewe zina mitego yake. Riale zote zimeandikwa 1780, na chini ya picha ya malkia zina herufi S.F. Hizo si za sonara wa hapa. Ni za maafisa wawili wa kiwanda cha sarafu cha zamani, zikanakiliwa daima. Riale iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile karne nzima na zaidi, na kati ya miaka ya 1930 na 1960 ilipigwa pia London na Birmingham. Yaani riale iliyo kwenye mkufu wa shangazi yako huenda ikawa ndiyo fedha ya Kiingereza pekee nyumbani, na simba hana habari nayo. Rupia ya Mombasa ya 1888, ya kampuni ya IBEA, nayo ilipigwa Birmingham kwa Heaton, ndiyo maana ina herufi H. Hiyo ni 917, na watoza sarafu huitafuta.

Kuhusu simba, shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921 ina simba mzima mbele ya milima. Huyo si simba wa 925. Shilingi hizo zilikuwa na robo tu ya fedha, kama gramu 2 katika kila moja, na kuanzia 1948 hazikuwa na fedha kabisa. Wapo waliozitoboa wakazifanya kidani. Ni kumbukumbu nzuri, lakini asikuuzie mtu kwa bei ya fedha.

Kitu kisicho na alama unaweza kukipima mwenyewe kwa maji. Tafuta mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Pima kitu kikavu, tuseme ni kekee ya gramu 90. Weka gilasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza kekee kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Ikisoma chini kidogo ya 9, ukigawanya 90 kwa namba hiyo utapata 10 na kidogo, na fedha ya riale au ya simba iko hapo. Ikisoma zaidi ya 10, basi ni nikeli au shaba nyeupe, hata ing'ae vipi. Risasi, ukigawanya vivyo hivyo, jibu litakuwa zaidi ya 11. Njia hii haifai kwa kitu chenye uwazi ndani, wala kwa vinara vya mishumaa na mipini ya visu, ambavyo Waingereza walivijaza lami au plasta ili viwe vizito. Kinara cha kilo moja chaweza kuwa na fedha ya gramu mia mbili tu.

Kabla ya kukubali bei, fanya hesabu moja. Bei ya dunia ya fedha hutajwa kwa aunsi ya gramu 31.1, si wakia yetu ya 28. Gawanya bei ya siku hiyo kwa 31.1, zidisha kwa uzito wa kitu chako, kisha kwa 0.925, au 0.833 kama ni kazi ya riale. Hiyo ni bei ya kuyeyushia. Alama ya mwaka, ya fundi, au nakshi ya sonara wetu huja juu ya hapo, na ndicho anachokinyamazia mwenye mizani ya mfukoni.

Jambo la mwisho linahusu sheria. Kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kinahesabiwa kuwa mali ya kale, na hakitolewi nchini bila kibali. Hapa kichwa cha Victoria kinakuwa na uzito mwingine: chombo chenye alama hiyo kilitengenezwa si baada ya 1890. Lakini sheria inauliza pia kiliingia lini, na mhuri haujui hilo. Anayejua ni bibi aliyeambiwa na mamake kwamba birika lilitoka kwa mmishonari wa Rabai, au lilinunuliwa mnadani Mombasa baada ya vita. Maafisa wa Makumbusho ya Malindi na Fort Jesus ndio wa kuulizwa kabla mtalii hajaliweka kwenye sanduku lake.

Kwa hiyo piga picha alama zote kwa mwanga wa ubavuni, andika kilicholetwa, nani alileta, lini, na nani alisimulia. Karatasi hiyo ikunje uiweke ndani ya birika lenyewe, ufunike.